Kidole cha Mama Sidi Kwenye Karatasi ya Ushuru

Iko siku moja iliyokataa kuzeeka kichwani mwangu, mwanangu. Nyingine za ujana zimefifia, hii naiona na rangi zake. Nakumbuka adhuhuri imeshasaliwa, niko barazani kwetu hapa hapa Watamu, karatasi ndefu iko mapajani na kikopo cha wino kiko ubavuni, na Mama Sidi anaingia kichochoroni na gunia la makaa kichwani, jasho limemchora mistari usoni. Ananiona, anacheka kabla hajatua mzigo. Laiti ningejua, ningeitupa karatasi ile kisimani.

Sikuwa na nia ya kuisimulia habari hii. Lakini juzi nilikusikia kwa kinyozi, wewe na wenzako, mkilalama kwamba hoteli ziko kwetu, wageni wako kwetu, kodi inatoka kwetu, halafu pesa zinapandishwa huko upande wa pili wa msitu kwa watu ambao hawana wanachotoa. Mmoja wenu akasema kila mtu ale kwake. Mlidhani nimeondoka kwa sababu ya joto. Niliondoka na upande mmoja wa kichwa haujanyolewa, na nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza kama nimegombana na mtu. Nikamwambia ndiyo, nimegombana na mimi mwenyewe wa zamani.

Maneno yale ni yangu, mwanangu. Niliyasema kabla yenu, miaka ya themanini, na kwa sauti kubwa kuliko yenu.

Watamu ya wakati ule ungeipenda. Tuktuk hakuna, njia za ndani mchanga mtupu, na ukitaka kujionyesha unakodi baiskeli kwa saa moja unazunguka mji mzima na dakika zinabaki. Waitaliano walikuwa wameanza kuwa wengi. Ukimwamkia mmoja kwa lugha yake anakurudishia mara mbili na sigara juu. Baba yangu, ambaye wazee wake walishuka kutoka visiwa vya kaskazini, alikuwa mshonaji wa kanzu. Cherehani yake ililia barazani toka asubuhi, na redio ikimjibu. Ijumaa mtaa mzima ulinukia pilau, na jioni wasichana walipita na asmini kwenye kikapu, ukinunua hununui, harufu unapewa bure. Mimi niliacha shule darasa la nne. Kazi yangu ilikuwa kunywesha nyasi za hoteli, asubuhi mpira wa maji, jioni mpira wa maji, na nilijiona bwana mkubwa kwa sababu nilivaa shati lenye nembo mfukoni.

Sasa nikwambie Mama Sidi ni nani, maana wewe hukumkuta. Jina lake Mbodze, Mgiriama wa Kwa Nzai, kijiji kilichoko ng'ambo ya msitu. Alikuwa akitoka na gunia lake alfajiri, kwa miguu, akipita njia ya ndovu, na adhuhuri yuko kwetu. Makaa yake yalikwenda jikoni mwa hoteli zile zile. Samaki aliyekuwa akichomewa mgeni akampiga picha kabla hajamla, alichomwa kwa makaa ya Mama Sidi na wenzake. Hilo nalisema leo. Wakati ule halikunijia.

Mama yangu aliponizaa, ziwa lilimwota jipu. Nililia siku mbili, na mtaa mzima ukawa na dawa ya kupendekeza. Mama Sidi akapita na makaa yake, Sidi mdogo yuko mgongoni, akanisikia toka njiani. Akatua gunia, akanawa, akakaa chini, Sidi akampa ziwa moja, mimi akanipa la pili. Hakuulizwa wala hakuuliza. Alikaa kwetu mpaka mama akapona, na hata baadaye, kila alipoteremka, nilikuwa na haki yangu kifuani pake. Baba akatangaza msikitini kwamba Sidi ni dada yangu wa kunyonya, ili mtu asije akasahau tukikua. Ndipo nikawa na mama wawili, mmoja wa Watamu na mmoja wa ng'ambo ya msitu, na nilimwamkia kila mmoja shikamoo yake.

Basi, mwaka huo ninaousema, katika halmashauri yetu likaletwa shauri. Kwamba katika ushuru unaokusanywa hotelini na sokoni huku ufukweni, sehemu yake ipelekwe Kwa Nzai kujenga dispensari, chumba cha kuzalia na muuguzi wa kukaa, naye angetangulia hata kabla ya jengo. Kule walikuwa hawana kitu. Mwanamke akishikwa na uchungu mkubwa, anabebwa.

Diwani wetu alikuwa Bwanaheri Kombo. Namtaja kwa jina lake, amekufa, na akinidai heshima tutaonana huko huko. Alitukusanya vijana kwenye kahawa ya jioni, akatununulia kashata, akatuuliza mgeni hupanda ndege aje kuona nini, bahari au vichaka vya Kwa Nzai. Tukacheka. Akasema Nairobi inachukua yetu kila mwaka hairudishi hata sahani, sasa na hawa nao watoke msituni waje kushika ncha nyingine ya mfuko wetu. Mtu ale jasho lake. Tukapiga meza. Nilisimama mimi, Athmani, nikasema hata nyasi za hoteli nanywesha mimi, sijaona mtu wa Kwa Nzai ameshika mpira wa maji. Nilishangiliwa, mwanangu. Utamu wa kushangiliwa ukiwa na miaka ishirini unaujua.

Akatoa karatasi ya kupinga. Iliandikwa na karani wake, Kiswahili cha ofisini, maneno marefu yaliyoshonana. Kazi yetu ni kupita nyumba kwa nyumba, watu watie sahihi, asiyejua kuandika atie kidole. Atakayejaza karatasi yake yote, akasema, huyo ndiye atakayesimama kwenye lango la soko jipya kukata risiti za ushuru. Kazi ya kiti na mwavuli. Mimi mpira wa maji ulikuwa umeanza kunichosha.

Nilijaza haraka. Watu walitia vidole kama wanaonja chumvi. Mama yangu mzazi peke yake ndiye aliyekataa. Alisema hatii kidole kwenye kitu asichosomewa, na mimi nikaona uvivu kumsomea, kwa sababu kusoma kwenyewe kulinitoa kijasho. Nilijua karatasi inataka nini. Maneno yote sikuyajua, lakini nilijua. Usije ukasema mimi nilidanganywa.

Ikabaki nafasi moja chini kabisa, na ndiyo siku ile ninayokwambia. Mama alikuwa amekwenda Dabaso arusini. Mama Sidi akatua gunia, akaniuliza nimekula, akaniuliza mama yuko wapi, akaniambia Sidi ana mimba ya kwanza na tumbo limeshuka. Mimi macho yangu yako kwenye nafasi ile tupu.

"Mama, hebu nitilie kidole hapa."

"Karatasi ya nini hiyo?"

"Ya maendeleo."

"Ya maendeleo yenu?"

"Yetu sote, mama."

Akasema kama ni mimi ndiye ninayetaka, basi. Akanyoosha mkono. Mkono wenyewe ulikuwa mweusi kwa makaa, wino usingeonekana. Nikaingia ndani nikaleta birika, nikamnawisha. Nilimwagia maji pole pole, nikamsugua kidole gumba kwa sabuni ya baba, nikamfuta kwa kitambaa safi, vile tunavyomnawisha mzee kabla hajala. Alidhani ni heshima. Akaniombea dua, yeye asiye wa dini yetu, dua ya kikwao, kwamba mkono wangu usipungukiwe. Kisha nikakitia kidole chake kwenye wino, nikakibandika.

Kikao kilifanywa kiwanjani shuleni, mchana, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Diwani wa upande wa Kwa Nzai, jina lake Jefwa Kitsao, alisimama kuwatetea watu wake. Alianza vizuri. Bwanaheri akainua karatasi yangu juu, akaonyesha mstari wa mwisho ambapo karani alikuwa ameongeza kwa kalamu jina nililomtajia, Mbodze wa Kwa Nzai. Akasema hata watu wake mwenyewe hawaitaki dispensari hiyo, yeye anamsemea nani. Watu wakacheka. Jefwa akakaa. Wengine wanasema aliaibika. Mimi niliona bati jipya la nyumba yake mwaka ule ule, na najua lilinunuliwa kwa pesa ya nani. Shauri likaanguka. Jioni tulipikiwa biriani.

Ushuru ukabaki kwetu wote. Ungependa kujua ulifanya nini? Ulijenga soko lile lililokuwa na nguzo nne na paa nusu, ambalo kontrakta Swaleh Mbwera, shemeji yake Bwanaheri, alilitumia kuwekea saruji yake mpaka saruji ikaganda. Wewe umelikuta gofu, mlikuwa mkicheza mpira humo. Ndiyo pesa ile tuliyoitetea isiende kwa maskini.

Wiki chache baadaye nilikuwa uwanjani na mpira wangu wa maji. Akaja jirani kwa baiskeli, akaniambia niende nyumbani, mgonjwa ameletwa. Nilipofika niliona kitanda cha kamba barazani kwetu, na wanaume wanane wamekaa chini, miguu imejaa vumbi hadi magotini, wakinywa maji kwa zamu. Juu ya kitanda alikuwa Sidi. Uchungu ulimshika kwao, mtoto akakwama, wakambeba kwa mabega kupitia msituni. Mtoto alitoka njiani, hapo katikati, hakuna wa kumpokea ila Mama Sidi na mikono yake. Alilia mara moja, alisema Mama Sidi, kisha hakulia tena. Alikuwa wa kiume. Walimleta akiwa amefungwa kwenye leso.

Sidi tulimpeleka hospitali kwa gari la hoteli, nililiomba kwa magoti. Alipona. Kuzaa hakuzaa tena.

Na mimi, mwanangu, hata hapo sikusema. Nilibeba, nilikimbia, nililia na wao, watu wakasema huyu kweli ni ndugu wa ziwa. Nikaipokea sifa hiyo.

Mama Sidi alirudi baada ya mwezi hivi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuja bila gunia. Alikaa pale pale barazani. Mama yangu alikuwepo safari hii, na baba akasimamisha cherehani.

"Kule nyumbani wanasema mimi ndiye niliyeikataa dispensari," akasema. "Mume wangu hali na mimi sahani moja. Mama mkwe wa Sidi ananipita kama mti. Nimewaambia mimi sijui lolote. Iko wapi karatasi? Nisomee."

Nakala ya kaboni nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeiweka sandukuni, chini ya kanzu ya Idi, kwa fahari. Nikaitoa. Na hapo ndipo nilipoisoma kwa mara ya kwanza kutoka juu hadi chini, kwa sauti, neno kwa neno, na mahali niliposhindwa baba alinisaidia. Ilisema sisi wakazi wa pwani tunapinga mapato yetu kugawiwa watu wasiochangia chochote katika uchumi wa eneo hili. Nilipofika hapo aliniinulia mkono nisite.

"Rudia hapo. Wasiochangia nini?"

"Chochote, mama."

Hakuinua sauti. Aliangalia jiko letu, lilikuwa na makaa yake, chai ilikuwa ikichemka juu yake. Akaniangalia mimi.

"Mwana wehu," akaniita kwa kikwao, mtoto wetu, "hilo ziwa ulilonyonya lilikuwa la Watamu au la Kwa Nzai?"

Akanionyesha kidole gumba.

"Hiki ulikitafuna ulipokuwa ukiota meno. Nilikuachia, maana mtoto hajui. Ulipokiosha juzi ulikuwa umekwisha ota yote."

Mama yangu akajifunika uso kwa buibui. Nikaanguka miguuni pa Mama Sidi kuomba radhi, akanivuta sikio kama mtoto, akasema radhi yake anayo, atanipa akitaka, ila jina lake analihitaji leo. Niinuke, nichukue karatasi, twende nayo kwao, nikawasomee waliomnunia.

Twende ikawa twende. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuipita njia ile ambayo yeye aliipita kila wiki na gunia kichwani. Mimi kijana, mikono mitupu, nilipumzika mara tano. Yeye alinisubiri mara tano, na kila mara alinitania kama bwana wa hoteli amechoka abebwe. Tulipofika walikusanyika uani kwa mumewe. Nikasoma. Nikasema kidole ni chake, lakini mkono uliokibandika ni wangu, na nilimwambia uongo. Sidi alikuwa amekaa mlangoni. Alikunja leso mapajani, akaikunjua. Nilitamani anitukane.

Mzee mmoja, Baba Kahindi, aliyekuwa mmoja wa wale wanane wa kitanda, akavuta ugoro wake taratibu. Akasema wao siku zote walisikia watu wa Watamu wakiilalamikia Nairobi, kwamba inakula yao hairudishi, na wao wakawahurumia. "Kumbe na sisi tunayo Nairobi yetu," akasema. "Tulidhani iko mbali. Iko hapo ukivuka msitu." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, huku machozi yananitoka. Mume wa Mama Sidi akamwita mkewe wale sahani moja.

Kazi ya lango sikuipata, niliirudisha mwenyewe kabla haijaanza, na Bwanaheri akaniita msaliti mbele za watu. Tuliopita na karatasi tulikuwa wanne. Watatu wamekwenda, nimebaki mimi kusema. Dispensari ilikuja miaka mingi baadaye. Watu wa Kwa Nzai walichimba msingi wenyewe kwa zamu, leo huyu anaacha shamba lake achimbe, kesho yule, na mimi nilipanda huko kila nilipopata siku, nikabeba mawe. Sidi akapewa kazi ya kuifagia. Chumba cha kuzalia anakifagia mara mbili kwa siku, nimeambiwa, hata kikiwa safi.

Siku hizi ni dakika arobaini kwa bodaboda. Nakwenda. Mama Sidi amekufa, na radhi alinipa, alinipa nikiwa nimemshika mkono. Sidi yuko. Ananiita Athmani, si kaka. Akipika ananiletea birika, ananimwagia maji mikononi mpaka nimalize, na ananiletea kitambaa safi, kama anavyofanyiwa mgeni wa heshima. Kila nikinawa pale, nauona mkono ule mweusi wa makaa. Sijui kama anajua nilivyomnawisha mama yake. Nadhani anajua.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana huko kwa kinyozi utarudi. Kodi ya ufukweni haikuzaliwa ufukweni peke yake. Mgeni analala chini ya boriti za huko, anakula kuku wa huko, chakula chake kimeivia makaa ya huko, na anayemtandikia kitanda ametoka huko alfajiri. Ikipelekwa sehemu yake ng'ambo ya msitu, usiite sadaka. Ni fungu la watu linarudi kwa wenyewe, na limechelewa. Kuuliza uliza, ni haki yako. Uliza dispensari iko wapi, dawa zimefika ngapi, nani ameezeka nyumba kwa bati la wagonjwa. Waulize wa huko na wa huku sawasawa, kwa sababu akina Bwanaheri na akina Jefwa hawakai upande mmoja. Lakini mwizi asikufanye umnyime aliyeibiwa. Na ukiletewa karatasi, iwe ya wino au ya kwenye simu, usitie kidole mpaka umeisoma yote kwa sauti mbele ya yule inayemnyima. Ukiona haya kumsomea, umeshapata jibu lake.

Nakuombea, mtoto wangu. Mola akupe ulimi unaosoma mpaka mwisho wa mstari, na akufanyie mkono wako mzito kwenye wino na mwepesi kwenye mzigo wa mwenzio. Akupe watu wa pande zote mbili za msitu watakaokuita ndugu. Na ukifika Kwa Nzai usimame kwa Sidi, umwambie wewe ni mtoto wangu, na akileta birika, lipokee wewe umnawishe yeye.